Kikombe cha Maji ya Ndizi

Mke wangu alikuwa hajakanyaga nyumba ya binti yetu tangu binti aolewe, na huyo binti ndiye kitindamimba wetu, aliyenyonya mpaka akawa anaomba ziwa kwa maneno. Kutoka kwetu Ujiji hadi kwake Bangwe si safari. Ukipanda bajaji asubuhi, unafika chai uliyokunywa nyumbani bado ina joto tumboni. Lakini mtu akiamua kutofika, hata mlango wa jirani ni mbali.

Sababu ilikuwa mume. Kijana ni Mkristo, Muha wa milimani, kwao ni upande wa Kasulu, na kazi yake ni kuchomelea mageti pale Mwandiga. Sisi ni Waislamu wa Ujiji, wa tangu na tangu. Walifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake. Mimi nilikwenda, nikakaa kwenye benchi na shati langu la Idd. Mke wangu siku hiyo alianika dagaa. Hatuna biashara ya dagaa sisi. Aliwanunua tu ili awe na cha kuanika.

Watu wanadhani dini ndiyo iliyomkaa kooni. Dini alikuwa anaimeza polepole, kama dawa chungu, mimi nilimwona. Kitu ambacho hakikumezeka ni dharau. Yule kijana akimwona mke wangu njiani, anakata kona. Akija kwetu Idd na mfuko wa sukari, anauacha mlangoni kwangu, na akisikia mama yuko chumba cha mbele, yeye anabaki uani. Hali hata tende. Salamu anaitoa akiwa nyuma ya ukuta: "Shikamoo mama." Sauti bila mtu.

"Nimekuwa jini mimi," mke wangu alikuwa akisema. "Naamkiwa kupitia matofali."

Binti alijaribu kumweleza. "Mama, ndivyo walivyo kwao." Mama yake akasikia vingine kabisa: ndivyo walivyo, wana dharau. Na mimi, niseme ukweli, sikumsaidia, kwa sababu sikujua. Nimeishi na Waha maisha yangu yote, nimeziba mitumbwi yao kwa pamba na mawese kabla ziwa halijapanda na kumeza ule ufuko niliokuwa nafanyia kazi. Siku hizi ukienda pale unaona maji tu, na mwembe mmoja umesimama ndani ya maji kama mtu aliyesahau alichofuata. Lakini tuache hayo. Ninachosema ni kwamba kuziba mtumbwi wa mtu na kuwa mkwe wa mtu ni elimu mbili.

Sasa nieleze kwa nini Krismasi hii iliyopita ilikuwa nzito.

Binti alipojifungua mtoto wa kwanza, mama yake hakwenda. Aliyemuuguza ni jirani, mtoto mwenzake tu, asiyejua hata kuchemsha maji ya kukanda. Damu ikamtoka mpaka wakamrudisha hospitali, na alipotoka alikuwa na rangi ya majivu. Alipona. Lakini tangu hapo ukitaja uzazi mbele yake anashika kitu kilicho karibu, kiti au mlango. Na sasa alikuwa na mimba nyingine, imefika mahali hata kuinama kuokota kijiko anaita mtu.

Alikuja peke yake Ujiji, akanikuta kibarazani. Akasema, "Baba, sitaki chochote. Niletee mama. Akae na mimi arobaini yangu."

Nikaenda kwa mama. Mama akasema: "Nitalalaje nyumba ambayo sijala? Na nitakulaje nyumba ambayo mwenyewe haketi na mimi?"

Aliyemlainisha ni mjukuu. Ana miaka mitatu, anaongea kama karani. Siku mbili kabla ya Krismasi alipiga simu, yaani mama yake alimpigia, akasema, "Bibi, nina gauni lina maua. Njoo ulione, halafu urudi kwenu." Mke wangu akakata simu, akakaa. Jioni akaniambia, "Nitakwenda kuliona gauni. Basi." Nikasema basi.

Siku ya Krismasi mvua ilianza mapema, ile mvua yetu ya Desemba inayotoka ng'ambo Kongo ikitembea juu ya maji, unaiona inakuja na huwezi kuifanya kitu. Tulifika Bangwe tumelowa mabega. Nyumba yao ina vyumba viwili na banda la jiko nyuma, imekaa mteremkoni, ukisimama mlangoni ziwa liko chini yako lote. Hapakuwa na wageni wengine. Hapakuwa na muziki. Mume alikuwa ametoka kanisani ibada ya kwanza na mtoto, wakarudi, wakafunga mlango kwa sababu ya mvua. Palikuwa na maputo mawili juu ya mlango na harufu ya iliki.

Binti alikuwa ametandika mkeka, akapanga vitu vyake juu ya kitambaa: mkate wa kumimina umeumuka vizuri, kaimati kwenye bakuli, kashata za karanga amezikata pembe pembe kama mama yake anavyozikata. Niliona mke wangu ameziona zile pembe. Wali ulikuwa umefunikwa, na kuku.

Binti hakungoja hata tukae. "Mama, jogoo kachinjwa na mwalimu wa madrasa wa hapo nyuma. Kamuulize mwenyewe."

"Sijauliza," mke wangu akasema.

Akakaa kwenye ukingo wa kiti, pochi mapajani, mtandio hakuulegeza. Mjukuu akazungusha gauni mara nyingi hadi akaanguka. Bibi yake akamwinua, akamfuta magoti, akamweka karibu. Hapo nikaanza kupumua. Nilipumua mapema.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee," sauti ikatoka nyuma, dirisha la banda la jiko.

"Marahaba," nikajibu mimi.

Mke wangu akamtazama binti. "Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Yuko jikoni, mama."

"Mwanamume yuko jikoni, mwenye tumbo kama mtungi ndiye anatandika mikeka. Haya."

"Leo kasema nipumzike. Karibu chakula, mama."

"Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Asubuhi alikunywa chai mkandaa bila kitu, nilikuwepo.

Kati ya vile vitu palikuwa na jagi limefunikwa kwa sahani. Mke wangu akaifunua sahani, akainusa ile harufu, akarudisha sahani taratibu. "Na hii?"

"Maji ya ndizi," binti akasema, na sauti yake ikachangamka, maskini, alidhani hapo ndipo pa kumshika. "Kayakamua mwenyewe leo, alipotoka kanisani. Ndizi kazifuata kwao. Kasema haya ni ya mama."

Niwaeleze wasiojua. Ndizi zile ndogo zinafukiwa shimoni mpaka ziive kupita kiasi. Zikimenywa zinakandwa kwenye beseni pamoja na nyasi, unakanda na kukanda, mikono inauma, mwanzoni ni uji tu usio na faida, halafu ghafla nyasi zinashika ule uji na maji yanaachia, meupe, matamu kushinda soda zote. Kwao milimani ni kinywaji cha kumpa mtu mkubwa. Ila maji hayo hayo ukiyatia mtama na kuyaacha yalale, yanageuka pombe, na pombe ya ndizi kila mtu wa Kigoma anaijua kwa harufu. Harufu zenyewe zinafanana kama mtu na mdogo wake.

"Hii pombe," mke wangu akasema.

"Mama, kayakamua leo leo. Pombe haiwi kwa saa chache."

"Basi mwite anywe."

Binti akatazama dirisha la banda.

"Mbona hanywi? Atakunywa lini? Nikishalewa?"

Nikajitosa mimi. Nikamimina kikombe, nikanywa chote, nikasema ni tamu, ni maji matupu, hakuna kitu humo. Mke wangu hata hakunigeukia. "Ushahidi wako mzee unanuka tangu ujana."

Hapo alinipata. Enzi za ule ufuko wangu, kule Kibirizi, nikilipwa kazi ya mtumbwi, nilikuwa napitia kwa mama mmoja Mrundi mwenye mitungi, na kuna siku mke wangu alinifuata na toroli. Toroli la kubebea mchanga. Nimeacha zamani, lakini mke ni mtunza kumbukumbu.

"Mama yangu alinifundisha," akaendelea, sasa kwa upole, na upole wake unatisha kuliko ukali, "chakula ambacho mpishi hali mbele yako, usikile. Hata kama ni cha mwanao." Akasimama. Akafunga pochi. "Gauni nimeliona. Ni zuri. Mzee, kaite bajaji."

Binti hakumshika. Alijiinua kwa mikono miwili ukutani, akapita mlango wa nyuma kwenda bandani. Ukuta wa banda ni mabati, unasikia kila kitu.

"Kasema anaondoka."

"Nimesikia."

"Njoo unywe. Kikombe kimoja."

"Siwezi. Unajua siwezi. Mama yako yule."

"Basi nitazaa kama nilivyomzaa huyu."

Halafu mvua tu juu ya bati. Mke wangu alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa, na najua alisikia kwa sababu kitasa hakukizungusha.

Kijana akaingia. Alivua ndala mlangoni. Shati lake la kanisani lilikuwa limelowa na lina madoa ya ndizi. Hakupita katikati ya chumba. Alipita akiwa amejibana na ukuta, uso kwenye ukuta, kama mtu anayevuka ukingo wa jabali, mpaka akafika kwenye pembe ya mkeka. Akakaa ametupa mgongo. Akanyoosha mkono nyuma, binti akampa kikombe.

Akanywa. Tuliona kisogo tu, kichwa kinalala nyuma kadiri kikombe kinavyopanda.  Akakirudisha, akaomba kwa mkono tu, binti akampa sahani, kipande cha kuku, wali, mkate. Akala vyote hivyo akiutazama ukuta, na chumba kizima tunamsikiliza mtu anayetafuna.

"Mama," mjukuu akauliza, "baba kaadhibiwa?"

Anapelekwa shule ya watoto wadogo, huko ndivyo wanavyowakalisha watundu. Hakuna aliyecheka. Nilimwona mke wangu midomo imecheza kidogo, ikatulia.

Alipomaliza akaiweka sahani chini, akainuka, akarudi kwa njia ile ile ya ukutani, akatoka.

Mke wangu akabaki amesimama.  Kisha akarudi kwenye kiti, safari hii akakaa kwa nyama zote. Akamimina maji ya ndizi mwenyewe, akanywa kidogo, akangoja, kama anayesikiliza tumbo litasemaje. Akanywa tena. Akala kaimati, akala kipande cha mkate wa kumimina, akasema iliki imezidi. Kuku hakumgusa, akasingizia meno. Halafu akalegeza mtandio.

"Lete miguu," akamwambia binti.

Binti akanyoosha miguu. Mama yake akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, alama ikabaki, shimo dogo halijai. Akabonyeza na mguu wa pili.

"Imeanza lini hii?"

"Wiki iliyopita."

"Na umeniandalia kaimati badala ya kwenda kupimwa."

Binti akaanza kulia kimya kimya, na mimi nikatoka nje, kwa sababu hayo yalikuwa ya wanawake.

Nilimkuta kijana chini ya mchirizi wa bati, anasukutua kwa maji ya mvua. Anasukutua, anatema, anasukutua tena. Nikadhani chakula kimemdhuru.

"Mzee," akasema, "kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hamtazami usoni. Ukikutana naye njiani unaingia porini umpishe, hata kama pana matope. Mama aliyekuzalia mke, ukila mbele yake ni kama umemvua nguo." Akafuta mdomo kwa mkono. "Leo nimemvua nguo mama."

 Nikaanza kuzikumbuka zile kona zote alizokata, ile sukari ya mlangoni, zile salamu za ukutani. Miaka yote ile kijana alikuwa anaingia porini kumpisha mke wangu, na mji hauna pori, akawa anaingia vichochoroni.

Nikamwambia, "Kwetu sisi kukataa kula na mtu ndiyo kumvua nguo."

"Najua. Mke wangu kaniambia. Ndiyo maana nimekula." Kisha akauliza, bila kunitazama, "Kayanywa?"

"Kayanywa. Mara mbili."

Akatikisa kichwa. Hakufurahi. Alikuwa na uso wa mtu aliyelipa kitu kikubwa na bado hajakabidhiwa alichonunua. "Ukikutana na baba yangu, mzee, hili lisifike kwake."

Nilimweleza mke wangu tulipofika nyumbani, anavua viatu vilivyojaa tope. Alisikiliza na kiatu kimoja mkononi.

"Kwa hiyo alikuwa ananikimbia kwa heshima."

"Ndiyo."

"Heshima gani inamfanya mtu ajione mchawi." Akavua kiatu cha pili. Akakaa navyo mapajani vyote viwili, vinamchafua nguo, hajali. Baadaye sana akasema, "Nimemlisha mtoto wa watu aibu yake, nimekaa namwangalia." Usiku ule hakula.

Asubuhi akaanza kutoa kanga za zamani sandukuni, zile laini za kumbebea mtoto. Akaweka tangawizi na pilipili manga juani. Hakusema atakwenda. 

Ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Baada ya mwaka mpya binti alipiga simu, na nilidhani uchungu umemshika. Hapana. Mume kamwambia kwamba mama akija, yeye hawezi kulala chini ya paa moja naye. Kula alikula, mara moja, kwa ajili ya mimba. Kulala ni kitu kingine. Arobaini nzima atahama nyumba.

"Hospitali wamesema miguu hii si mizuri, nitazamwe kila siku," binti akasema, na nilimsikia anashika kitu, kiti au mlango. "Mama nikimpata, huyu anatoka. Usiku uchungu ukinishika, nitamwita nani anibebe? Baba, mimi nimefanya kosa gani kumwomba mama?"

 Mke wangu alikuwa karibu, simu inatoa sauti kubwa, aliyasikia yote. Akafunga furushi lake siku ile ile.

Nilitangulia mimi, nikamkuta kijana uani anajijengea kibanda. Mabati mabovu ya kazini kwake, vyuma ameviunganisha mwenyewe, kimeegemea ukuta wa chumba cha mkewe. Mlango ameuelekeza ziwani ili usitazamane na mlango wa nyumba. Kitanda kimoja kinaingia, basi. Anasema ukutani pale akigonga mkewe anasikia, na mkewe akigonga yeye anasikia. Wamejaribu.

Mke wangu alishuka kwenye bajaji na furushi kichwani. Kijana alipomwona aligeuka, akatazama maji, nyundo mkononi. Safari hii mke wangu hakusema lolote juu ya mgongo ule. Alisimama, akakikagua kile kibanda kuanzia juu hadi chini, kama anavyokagua samaki sokoni.

"Mzee," akaniambia mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka Katonga, "mwambie paa lake litavuja upande wa ziwa. Matundu ya misumari yote yako wazi."

"Mzee," kijana akasema, ametazama ziwa, "mwambie mama nimesikia."

Nimekaa huku siku kadhaa sasa. Nimenunua pamba na lami, nimepanda juu ya kiti, naziba tundu moja moja kama nilivyoziba mitumbwi, na mkono bado unajua kazi. Mvua haitaki kukatika. Ndani mke wangu anachemsha maji na kumgombeza mwanawe asisimame. Anabonyeza ile miguu asubuhi na jioni, na alama bado inabaki. Usiku nasikia kugongwa ukutani, mara mbili kutoka ndani, mara mbili kutoka nje, kisha kimya.

Mtoto hajazaliwa.